Falco Katika Gereji ya Malori

Kuanzia katikati ya mwaka 1940, ndege za kivita za Italia zilianza kuingia Afrika Mashariki zikiwa ndani ya tumbo la ndege nyingine. Mfereji wa Suez ulikuwa mikononi mwa Waingereza, meli za Kiitaliano hazipiti, na makoloni ya Eritrea, Ethiopia na Somalia yalikuwa yamezingirwa. Ilibaki anga. Mafundi waliifungua Fiat CR.42, mabawa huku, mkia kule, injini ikakazwa isicheze, kisha wakaipakia ndani ya Savoia-Marchetti SM.82, ndege ya mizigo ya injini tatu yenye mwili mpana wa kutosha kuimeza. Ikaondoka Libya, ikavuka Sudan iliyokuwa ya adui, ikatua upande wa pili. Huko mafundi wengine wakaitoa kipande kwa kipande wakaiunganisha upya. Ndege 51 ziliingia kwa njia hiyo.

Wanaonishangaa kwa kuunda ndege ya mfano, mtu wa umri wangu, huiwaza ndege halisi kuwa kitu kilichozaliwa kizima, na ya mfano kuwa mchezo wa kubandika vipande. Falco, maana hilo ndilo jina la CR.42, inawajibu vizuri. Hata ile iliyobeba mtu na risasi ilifika huku ikiwa vipande. Lazima palikuwa na fundi aliyesimama uwanjani na boliti moja mkononi, sanduku limekwisha kuwa tupu, akijiuliza hiyo ilitoka wapi. Huyo ndiye ninayemfikiria zaidi, kuliko rubani.

Za plastiki zipo. Kampuni ya ICM ya Kyiv hutengeneza Falco ya kipimo cha 1/32, yenye sentimita 30 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, na kwa watu wa kazi hii hiyo tayari ni kubwa. Mimi nilitaka moja ya tano. Bawa la juu la ndege yenyewe lilikuwa na mita 9.70, kwa hiyo letu lina mita 1.94. Urefu wa mita 8.25 unakuwa 1.65. Kitu cha kiasi hicho hakikai sebuleni, na mke wangu alilisema hilo mapema. Basi inaundwa pale ambapo vitu vikubwa huundwa hapa Mai Mahiu: gereji ya malori.

Mji wetu umekaa chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, Longonot ukiwa mbele yake, pale barabara ya kutoka Nairobi inapomaliza kuteremka na kugawanyika, mkono mmoja kwenda Narok na mwingine Naivasha na Nakuru. Malori ya kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hupita hapa usiku na mchana. Yakishuka, breki hunuka; yakipanda, injini huguna hadi kileleni. Kwa hiyo mji umejaa watu wanaojua chuma: mafundi wa breki, wa springi, wa tairi, wa kuchomelea bodi. Karibu kila nilichohitaji kilikuwa kimelala mahali fulani chini ya vumbi na oili, kikisubiri mtu wa kukiona.

Fundi ninayefanya naye kazi hujenga bodi za malori. Yeye huniita Mwalimu, kwa sababu nilifundisha hesabu na uchoraji wa kiufundi hadi nikastaafu. Mimi humwita Fundi, na hatujawahi kuhitaji majina mengine. Nilipomtandazia mchoro juu ya boneti ya lori, aliuzungusha mara mbili, akaweka kidole katikati ya mabawa, pale nguzo zinapoinama na kukutana.

"Hii ni kenchi, Mwalimu."

Na ni kenchi kweli. Mhandisi Celestino Rosatelli wa Fiat alizipanga nguzo za ndege zake kwa pembetatu zinazofuatana, mpangilio ule ule unaoshikilia madaraja ya reli na mapaa ya makanisa. Ndege nyingi za mabawa mawili za enzi zile zilikazwa kwa waya zilizokatiza kila upande, na kila waya ulikuwa na wimbo wake na kero yake. Falco haikuzihitaji. Pembetatu hazilegei. Fundi, ambaye hajawahi kusikia jina la Rosatelli, aliona kwa kutazama mara moja jambo ambalo nimesoma kurasa nyingi kulielewa, na akaanza papo hapo kulalamikia pembe moja aliyoiona ni kali mno.

Tuliamua ndege yetu ifuate mantiki ya ile ya kwanza, sura pekee isingetosha. Mifupa ya Falco ilikuwa mirija ya chuma. Mbele ilivikwa mabati mepesi, nyuma ikavikwa kitambaa. Mifupa yetu ni paipu za breki zilizotolewa kwenye malori yaliyozeeka, zikanyooshwa na kuunganishwa kwa gesi. Mabati ya mbele ni madebe ya mafuta ya kupikia, yaliyopasuliwa na kugongwa juu ya gogo hadi yakakubali kupinda. Nyuma ni merikani iliyovutwa, ikapakwa gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, ikakauka na kukaza. Ukiigonga kwa ukucha inalia kama ngoma ndogo. Ndani hakuna anayeona, lakini ndani ni sawa, na mimi ni mtu wa kulala vizuri zaidi nikijua ndani ni sawa.

Injini ilitaka akili. Fiat A.74 ilikuwa na silinda 14, saba mbele na saba nyuma, zimepangwa kuzunguka kitovu, na ilitoa nguvu za farasi 840. Ilipozwa kwa hewa tu, kwa hiyo kila silinda ilizungukwa na mapezi membamba ya chuma ya kutoa joto. Mapezi hayo ndiyo humtesa mwenye kuunda mfano. Ukiyachora tu, jicho linajua umedanganya. Kijana mmoja wa gereji ndiye aliyepata dawa: alichukua boliti ndefu, akaweka washa pana, kisha nyembamba, kisha pana, hadi juu, akakaza nati. Silinda ikatokea. Tukawa tunazunguka gereji za mji mzima tukiomba washa, na kwa kuwa hakuna fundi anayetoa kitu bila kujua kinakwenda wapi, habari za ndege zikatutangulia. Wengine walitoa bure. Mmoja alitaka kwanza aone mchoro, akatukosoa mpangilio wa bomba la moshi, akatoa mara mbili ya tulichoomba.

Niseme jambo kuhusu watoto wa hapa. Muda mrefu kabla ya mimi kuanza, walikuwa wakiunda malori ya waya, yenye usukani mrefu wa kushika ukiwa umesimama. Lori la waya la mtoto wa Mai Mahiu halikosei idadi ya ekseli. Anajua trela la mafuta linatofautianaje na la makontena, anajua kioo cha pembeni kinakaa wapi, na ukimwonyesha lori lenye boneti ndefu atakuambia la zamani. Hakuna aliyemfundisha. Amekaa kando ya barabara akitazama, basi. Kwa hiyo mtu asije akadhani kuunda vitu vidogo kwa mfano wa vikubwa ni uhondo ulioletwa na ndege. Tofauti ni kwamba mtoto huunda kinachopita mbele yake, na mimi naunda kitu ambacho sijapata kukiona kwa macho. Falco zilizojengwa zilizidi 1,700, lakini zilizobaki nzima duniani ni za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Iliyo maarufu zaidi iko Uingereza, kwa kuwa tarehe 11 Novemba 1940 ilitua kwa dharura ufukweni Suffolk, ikatekwa, na waliokuwa wakipigana nayo wakaitunza.

Kiti cha rubani kilinipunguza mwendo. Hadi hapo kazi ilikuwa ya chuma, sasa ikawa ya mtu. Falco haikuwa na paa la kioo: kichwa cha rubani kilikaa kwenye upepo, kwa mwendo uliofikia kilomita 440 kwa saa. Mbele yake bunduki mbili za milimita 12.7. Na nyingi hazikuwa na redio. Unapopanga saa na vipimo kwenye ubao wa mbele, ukilinganisha na picha, unafika mahali ambapo kwenye ndege za nchi nyingine pana kisanduku, na hapa hapana kitu.

Kapteni Mario Visintini, mzaliwa wa Parenzo huko Istria, aliangusha kwa Falco ndege nyingi kuliko mwenzake yeyote katika anga hii ya kwetu. Tarehe 11 Februari 1941 wenzake wawili walipotea kwenye hali mbaya ya hewa juu ya Eritrea, wakatua kwa dharura. Yeye alirudi angani kuwatafuta, akaugonga mlima wa Nefasit. Waitaliano walimpa nishani ya dhahabu. Ukiwa umekitengeneza kiti chake kwa mkono wako, hadithi hiyo inapoteza zile tarumbeta. Unaona tu pengo ambapo redio ingekaa, na unaelewa kwamba mtu aliyekwenda kutafuta wenzake mawinguni hakuwa na njia ya kuwauliza wako wapi.

Hapo ndipo ninapojishika shati. Nikishamhurumia rubani, nimekwisha kuketi upande wake. Kazi hii ina mtego huo, na sijasikia ukisemwa vya kutosha na wanaoipenda: uzuri wa mashine humvuta anayeitazama kwenda upande wa mwenye mashine. Mwenye mashine ana michoro, picha, vipimo, rangi zenye namba, jina la rubani na la mama yake. Aliyekuwa chini hana kitu cha kuundwa kwa kipimo cha moja ya tano. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Tarehe 13 mabomu yalikuwa yakidondoka Wajir. Oktoba ya mwaka huo yakadondoka Malindi. Zilizofanya kazi hiyo zilikuwa ndege za mabomu, Caproni na ndugu zake, na Falco nyingi zilikuwa mbali kaskazini. Lakini ni jeshi moja, mkoba mmoja, amri moja. Miaka michache kabla, 1935 na 1936, jeshi hilo hilo la anga lilimwaga gesi ya sumu juu ya Waethiopia, askari na raia, na tarehe 30 Juni 1936 Haile Selassie alisimama Geneva mbele ya Shirika la Mataifa akayaeleza mataifa yaliyokwisha kuamua kutosikia. Falco haikuwapo, iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 23 Mei 1938. Ndege, tofauti na watu, inaweza kusema ilizaliwa baadaye na ikaaminika. Nembo iliyochorwa kwenye bawa lake ndiyo isiyoweza kusema hivyo.

Vita vyenyewe, kwa upande huu, havikukawia. Waafrika Kusini walileta Hurricane, ndege ya bawa moja iliyoipita Falco kwa mwendo mbali sana. Februari 1941 majeshi yaliyoondokea Kenya, wakiwamo askari wa King's African Rifles na wale wa Gold Coast na Nigeria, yaliingia Kismayu na Mogadishu. Tarehe 6 Aprili Addis Ababa ikaanguka. Mwezi wa Mei Mtawala Mkuu wa Italia katika Afrika Mashariki, Amedeo, Duke wa Aosta, yeye mwenyewe rubani na jenerali wa anga, akajisalimisha Amba Alagi. Aliletwa Kenya akiwa mateka, akafia Nairobi tarehe 3 Machi 1942, na kaburi lake liko Nyeri katika kanisa la kumbukumbu la Waitaliano. Falco ya mwisho kuangushwa katika mapigano ya angani huku ilidondoka karibu na Gondar Oktoba 24, 1941, ikirushwa na Luteni Ildebrando Malavolti. Aliyeiangusha alikuwa Mwafrika Kusini kwenye Gladiator, nayo ndege ya mabawa mawili, na wenzake wakarudi kudondosha ujumbe wa kumsifu marehemu kwa ushujaa. Wazungu hao walijua kuheshimiana angani. Ningependa kuona ujumbe kama huo uliodondoshwa Wajir.

Makumi ya maelfu ya Waitaliano waliotekwa wakaletwa Kenya: Nanyuki, Londiani na kambi nyingine. Na hapa ndipo ndege yangu inapogusa lami ya mji wangu. Wengine kati yao walipewa kazi ya kujenga barabara ya kuteremka ukingoni, kutoka upande wa Limuru hadi hapa chini. Ni hii hii. Kila lori lililotupa washa za silinda lilishukia barabara iliyokatwa na watu walioshindwa vita. Mtu anayeishi chini ya mteremko huitazama barabara kwa jicho jingine: kwenye ukingo kama ule, kazi ya kwanza ni kuyaonyesha maji njia, lami huja baadaye. Sisi hatulichukulii hilo kuwa somo la vitabuni tangu alfajiri ya 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli kule Old Kijabe yalipopasua na kuteremka na nyumba, magari na watu.

Kando ya barabara hiyo, chini kabisa, mateka walijenga kanisa mwaka 1942. Wengi huliita la Waitaliano tu. Ni dogo kiasi kwamba msafiri asiyeambiwa hulipita akidhani ni kibanda cha mlinzi: takriban futi 15 kwa 8. Nimelipima kwa macho ya kazi yangu. Ndege yetu ingeingia humo ikiwa imefungwa mabawa yote, ikabaki na shibiri moja kila upande. Falco yenyewe isingeingiza hata nusu ya bawa lake.

Nadhani kanisa lile nalo ni kazi ya kipimo. Waliolijenga walitoka katika nchi ambayo kanisa la kijiji cha kawaida linaweza kuwakalisha wakazi wote na wageni wao. Walijua kanisa likoje. Walikuwa na mawe, muda na ruhusa ya kiasi fulani, na kwa ruhusa hiyo wakafanya yote: mlango, madirisha, altari, msalaba juu, kila kitu mahali pake, ila kimepunguzwa. Mtu aliyepokonywa kitu kikubwa anapopata nafasi ya kukijenga upya, mara nyingi ukubwa ndio wa kwanza kuachwa. Sehemu haziachwi. Nimewaona wajane wa mafuriko wakipanga vyombo kwenye chumba cha kukodi kwa mpangilio wa nyumba iliyosombwa, kabati la vyombo upande ule ule wa mlango, ingawa chumba hakina nafasi ya kabati.

Mateka mwingine, Felice Benuzzi, alikuwa katika Kambi ya 354, Nanyuki. Alipouona Mlima Kenya ukitokeza mawinguni, aliamua kutoroka aupande, kisha arudi kambini mwenyewe, maana hapakuwa na pa kwenda. Januari 1943 alitoka na wenzake wawili, daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Vifaa vyao walivitengeneza gizani na kwa kuiba: mashoka ya barafu kutokana na nyundo, meno ya viatu kutokana na mabaki ya magari, kamba kutokana na kamba za vitanda. Ramani hawakuwa nayo; walikuwa na picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Benuzzi na Balletto walifika kilele cha Lenana, wakasimika bendera ya Italia, kisha wote watatu wakarudi kujisalimisha. Mkuu wa kambi aliwapa siku 28 za kifungo cha ndani, kisha akazipunguza zikawa saba. Benuzzi aliandika kitabu, *Fuga sul Kenya*, kilichotoka mwaka 1947. Wapanda milima hukisoma kwa ajili ya mlima. Mimi nilikisomea gereji: jinsi wanavyojadili uzito wa chuma, jinsi wanavyomzunguka fundi wa kambi, jinsi kipande cha takataka kinavyotazamwa siku nyingi hadi kionyeshe kinachoweza kuwa.

Lakini humo pia wapo askari Waafrika waliowalinda, bunduki begani, wakipita ukurasani na kutoweka. Fikiria tu jinsi jambo hilo lilivyoonekana mwaka 1942 katika nchi ambayo Mwafrika alitembea na kipande shingoni: Wazungu kwa maelfu, wamevaa nguo za mateka, wakichimba barabara, na aliyesimama na bunduki ni mtoto wa jirani. Wazee walilicheka na kulisimulia. Hakuna aliyelijengea kibanda cha mawe kando ya barabara. Kanisa la aliyeshindwa lipo na wageni huegesha magari kulipiga picha. Askari aliyemlinda aliondoka na sare yake ikachakaa. Nilipomweleza Fundi haya aliniuliza kwa nini basi nisiunde askari. Nilimjibu kwamba sina michoro yake. Alisema, "Una babu yako," akaendelea kukata bati.

Sikuwa na jibu, na sasa yupo: askari mmoja wa waya na merikani, kipimo kile kile cha moja ya tano, amesimama kando ya gurudumu la kushoto, urefu wake sentimita 34 na kofia. Uso wake hatukuuchonga. Wanaokuja kuona ndege huuliza yeye ni nani kabla hawajauliza kuhusu injini.

Kwenye rangi tuligombana kidogo. Spreya wa gereji alichanganya rangi ya mchanga na mabaka ya kijani akapatia kuliko nilivyotarajia. Msalaba mweupe wa mkiani, nembo ya ufalme wa Savoia, ukapakwa kwa stensili. Kisha ikabaki ile ya bawani: duara, na ndani yake vitita vitatu vya fito vilivyofungwa pamoja na shoka. Fundi alidhani ni mafagio. Nikamweleza kwamba ni alama ya mamlaka ya Roma ya kale, fito za kuchapa na shoka la kukata, na kwamba chama cha Mussolini kiliichukua kikaifanya yake. Akaweka brashi chini. Alisema ndege ni nzuri, kwa nini tuiharibu. Mteja akiuliza atamwambia nini? Wapo waundaji wa mifano wanaofanya hivyo, huacha nembo ya namna hii, na nyumbani kwa wenyewe sina la kuwaambia. Hapa nilikataa. Falco isiyo na nembo hiyo ni ndege nzuri tu, na ndege nzuri tu haikuwahi kuja huku. Iliyokuja ilikuwa ya mtu, ililetwa kwa kazi fulani, na kazi hiyo iliandikwa chini ya mabawa, mahali ambapo aliye ardhini angeisoma. Ikipakwa vizuri, mteja atauliza, naye Fundi amwambie ni ya nani.

Aliipaka. Aliipaka vizuri kuliko vingine vyote, kwa mkono, bila stensili, ulimi umetoka nje kidogo. Alipomaliza alisogea nyuma, akatazama, akasema nafasi iliyobaki kati ya nembo na ncha ya bawa inatosha namba yake ya simu.

Tulikubaliana namba ikae kwenye kibao cha bati kitakachoning'inia chini ya askari. Ndege yenyewe alitaka isimikwe juu ya mlingoti langoni. Nilimkumbusha upepo wa jioni unaoshuka ukingoni, ambao hufunua mapaa, seuze merikani. Kwa hiyo imefungwa ndani, kwenye kenchi za gereji, pua ikitazama barabara. Propela ya mapanga matatu niliitaka itulie. Vijana hawakutaka kusikia. Walileta mota ya waipa ya Isuzu, wakaondoa mkono wake unaoifanya waipa iende na kurudi, wakaunga betri, nayo inazunguka, polepole mno kwa nguvu za farasi 840. Dereva mmoja wa trela la Kampala alisimama akauliza bei. Fundi alimtajia bei ya bodi nzima ya lori, kisha akamwonyesha kibao.